Ulimi wa Kengele

Nimelifungua kabati la babu kwa bisibisi,
maana ufunguo alizikwa nao, mfuko wa kizibao.
Ndani: madaftari thelathini na moja ya kumbukumbu za vikao,
skafu ya buluu iliyoliwa na nondo,
na ulimi wa kengele, umefungwa ndani ya leso.
Ulimi tu. Kengele yenyewe haimo.

Daftari la kwanza ni Kifaransa kitupu.
Wanachama kumi na wanane: wakili, daktari,
mwenye kiwanda cha kitani,
mwenye kiwanda kingine cha kitani.
Enzi hizo kura ilikuwa na bei, na bei yake kodi;
asiye na kodi alitazama uchaguzi kama mtu atazamavyo
karamu dirishani.
Wakaandika "uhuru", wakamaanisha:
padri asitie mkono darasani,
serikali isitie mkono kwenye kasha.
Chini, mitambo ikinguruma, wafumaji walipiga kelele kwa Kiflemi,
na hakuna aliyeshuka ngazi kuwauliza
neno hilo kwao linaitwaje.

Babu yangu Achiel alipanda ngazi hiyo akiwa nyapara.
Kifaransa alikivaa kama koti la Jumapili:
kilimbana kwapani, na akifika nyumbani
alikivua kabla ya supu.
Kikaoni alimwita wakili Gontran Delhaye "Bwana Mwenyekiti",
mezani kwetu alimwita jina nisiloliandika.
Miaka thelathini walicheza karata kila Alhamisi.

Chama kilipobadili jina, kikawafungulia mlango
hata waendao misa, bibi Noëlla alicheka hadi akakaa chini:
"Mmechelewa miaka mia na ushee.
Padri mwenyewe siku hizi ana gitaa."

Kisha, asubuhi moja, bango la mji wetu, mji wa majina mawili,
lilikutwa na jina moja, na lami.
Wiki iliyofuata lami ilikuwa juu ya jina la pili.
Huko Bruseli chama kilikuwa kimeshaanza kupasuka;
ufa ulitufikia kwa treni ya jioni.

Ukurasa wa kikao cha mwisho umepigwa mstari katikati.
Safu ya kushoto, Kifaransa: "Mjadala ulikuwa wa kistaarabu."
Safu ya kulia, mwandiko wa babu:
"Delhaye amerusha glasi. Haikuwa tupu."
Wenzao wa mashariki, wasemao Kijerumani,
waliandika kuuliza wao wakae safu ipi.
Barua imo. Jibu halimo.

Viti ishirini na vinne: kumi na viwili, kumi na viwili.
Jiko la makaa lilikwenda na wenye gari.
Picha ya waasisi, kwa kurusha sarafu.
Bendera, kwa mkasi.
Kengele aliichukua Delhaye, kwa kuwa baba yake aliinunua;
babu akachomoa ulimi,
kwa kuwa yeye ndiye aliyeufua
majira ya baridi ule wa zamani ulipokatika.
Tangu hapo wale walifungua vikao kwa kijiko na glasi,
hawa kwa kugonga meza na chuma.
Pande zote mbili ziliendelea kuandika "uhuru",
na kushindwa uchaguzi wa manispaa
kwa tofauti ya kura zilezile
ambazo pamoja zingetosha.

Jana nilimpigia simu Solange, binti wa Delhaye.
Kifaransa changu kinachechemea, Kiflemi chake kimekufa;
tukashikana kwa Kiingereza, kama watu wawili
chini ya mwavuli wa kuazima.
Kengele anayo. Anawekea pini za nywele.

Ulimi hauna mfupa, lakini huu una kutu.
Solange aliniuliza una uzito gani.
Nikaenda jikoni, nikauweka kwenye mizani ya unga:
gramu tisini na sita,
pamoja na leso.